Anapanga treni isiyo na dereva, jumuiya imeacha kupiga hodi kwake

Jua la asubuhi limeshafika kibarazani, na Imakulata Masolwa anapanga viti vya plastiki uani kwake, Isevya mjini Tabora. Anavipanga duara, anavitazama, kisha anaondoa viwili. Baada ya kufikiri kidogo anavirudisha.

Anawasubiri wanajumuiya, waumini wenzao wa mtaani, waje kumsalia mama yake mgonjwa. Hana hakika kama watakuja.

Sebuleni, kompyuta yake imezimwa. Jumamosi kama hii kwa kawaida angekuwa na visikilizio masikioni, akizungumza na wenzake walio katika jiji kubwa la pwani. Imakulata, mwenye umri wa miaka 34, ni mmoja wa wataalamu wanaopanga njia mpya ya treni za mjini zitakazojiendesha zenyewe. Hakutakuwa na dereva wala kondakta. Mitambo ndiyo itakayofunga milango na kuondoa treni kituoni.

Yeye kazi yake ni abiria. Anakadiria wangapi watashuka kila kituo, watasimama wapi, na mlango ukae wazi muda gani ili mzee mwenye mkongojo awahi kuingia.

"Dereva humwona mtu kwenye kioo akamsubiri," anasema. "Hapa hakuna wa kutazama kioo. Sisi tunaopanga ndio tumfikirie huyo mtu mapema."

Mababu wa Kinyamwezi walibeba mizigo mabegani miezi mingi kuifikia pwani kwa njia ya misafara. Mjukuu wao pwani humjia sebuleni, naye yuko na kandambili miguuni. Haishangazi kwamba kwa muda mrefu majirani walidhani hana kazi.

Alirudi nyumbani miaka miwili iliyopita, baada ya mama yake, Mektilda, kupata kiharusi. Hana ndugu wa kupokezana naye. Kampuni ilimruhusu kufanyia kazi Tabora, na karibu theluthi ya mshahara huishia kwenye dawa, mazoezi ya viungo na bando la intaneti.

Mektilda ana miaka 71. Kabla ya kuugua alipika shuleni, na kwenye jumuiya yao ya Kikatoliki ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Msiba wowote wa mtaa ule, sauti ya kwanza ilikuwa yake. Sasa mdomo umeelemea upande na maneno yanatoka polepole.

Mwaka jana, Jumamosi moja, wanajumuiya walikuja kumsalia. Walijaa sebule, wakaimba. Chumbani, alikohamishia kompyuta siku hiyo, Imakulata alikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni, na mkubwa wake akalalamika kwamba hasikii kitu. Binti akatoka.

"Niliwaambia, 'Samahanini, mnaweza kusali bila kuimba? Nina mkutano.' Nilisema kwa adabu kabisa. Nilidhani adabu inatosha."

Haikutosha. Mgonjwa huimbiwa; kuwaambia wanajumuiya wanyamaze ni sawa na kuwaonyesha mlango. Walimaliza sala kwa kunong'ona, wakamshika Mektilda mkono, wakaondoka. Hawakurudi. Hata Krismasi hawakuja.

"Hakuna aliyenigombeza," anasema Imakulata. "Wangenigombeza ningejua pa kuanzia. Njiani tunasalimiana vizuri tu. Hodi ndiyo hawapigi."

Upweke ule ulimwelemea mchana mmoja, mama alipoanguka bafuni. Imakulata alishindwa kumnyanyua. Kwenye kompyuta wenzake wote walikuwapo, na wote walimpa pole. Ilibidi akimbilie barabarani akamwite dereva wa bodaboda asiyemjua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishasema, na pole ya mbali hainyanyui mgonjwa.

Mama yake analo lake linalomtisha zaidi.

"Nimezika watu wengi hapa Isevya," anasema Mektilda, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Sitaki siku yangu nizikwe na wapita njia."

Kauli hiyo ndiyo iliyompeleka Imakulata kwenye sala ya Jumamosi iliyopita. Alisimama mbele ya watu, akaomba radhi. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Advera, alimjibu kwa maneno machache: "Tumekusikia, mwanangu. Kaa." Imakulata aliomba wamtembelee mama yake leo. Hakuna aliyekubali wala kukataa.

Na leo hii, saa hii hii, wakubwa wa kampuni wanaamua milango ya treni ikae wazi muda gani. Imakulata ndiye aliyepaswa kutetea muda wa kuwatosha wazee. Amemwachia mwenzake, Gerson, na mkubwa ameshamwandikia kwamba kutokuwapo kwake kutakumbukwa mkataba ukifika mwisho.

Mektilda ametolewa uani, amevaa kitenge kipya. Binti anajaribu kumchangamsha kwa habari za treni.

"Nikichelewa nikapunga mkono," mama anauliza, "nani ataniona?"

Imakulata anamrekebishia kitenge begani.

"Wamefika?"

"Bado, mama."

Viti vimeshapata joto sauti inaposikika getini: "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, mama. Karibuni."

"Marahaba."

Ni Mama Advera na watu watano. Wanakaa. Mwenyekiti anafungua kitabu cha nyimbo, anakifunga, anamtazama mwenye nyumba.

"Tuimbe, au una mkutano?"

Hakuna anayecheka.

"Imbeni, mama," anajibu Imakulata, na machozi yanamtoka waziwazi.

Wanaimba. Mektilda anawafuata kwa nyuma, neno moja moja, nao wanapunguza mwendo mpaka awafikie.

Wanapoaga, Mama Advera anasema wiki ijayo sala iko kwa mwanajumuiya mwingine, Kulwa, ng'ambo ya reli. Viti vingi havikukaliwa, na Imakulata anavikusanya mwenyewe.

Anakusudia kumpeleka mama yake huko kwa bajaji, na tayari ameandika kuomba Jumamosi zote ziwe zake. Kampuni haijajibu.

Wakikataa?

"Kazi nitatafuta nyingine," anasema. "Watu wa kumwimbia mama yangu nitawatoa wapi?"