Rakkini wa Manalkurichi na Ukuta wa Makaburini

Wewe unayesoma haya umepita pale, na umegeuza uso. Kila Siku ya Marehemu Wote unaingia makaburini kwa lango la mbele, umebeba mishumaa na kikapu cha asumini, unasimama kwa babu yako, unasali. Nyuma ya babu yako kuna ukuta uliopakwa chokaa, unakufika kifuani. Ungenyoosha shingo kidogo tu ungeona ng'ambo yake: matuta ya udongo, miiba, misalaba ya vijiti. Hujanyoosha. Wala hujauliza wanaolala kule ni akina nani, kwa sababu jibu unalo tangu utoto. Sasa kwa vile kuna mmoja wa kule unayemwita mtakatifu, na picha yake umeibandika mlangoni, kaa usikilize maisha yake yote, pamoja na yale ambayo hawakuyachapa nyuma ya picha.

Rakkini alizaliwa mwaka 1911, majira ya kuvuna mpunga, katika mtaa wa chini wa Manalkurichi, mtaa wa waliohesabiwa najisi kwa kuzaliwa, bonde la mto Kaveri. Baba yake, Sinnappan, alikuwa mpiga ngoma wa mazishi. Mama yake, Savariyayi, alikuwa mwombolezaji: mtu akifa mtaa wa juu, aliitwa kuimba kilio nje ya baraza, na jioni alipewa mchele, ukimiminwa kutoka juu kwenye upindo wa sari yake ili mikono isigusane. Walikuwa Wakristo tangu babu, ambaye alibatizwa akiamini kwamba maji yale yatamtakasa hata machoni pa majirani. Majirani nao walikuwa wamebatizwa zamani. Wote walisali kanisa moja. Wa juu waliketi katikati, wa chini ubavuni, na kwenye Komunyo wa chini walingoja mpaka wa juu wamalize. Mapadre walikuja na kuondoka, kila mmoja akikuta mambo hivyo na kuyaacha hivyo.

Lakini usidhani mtaa wa chini ulikuwa wa huzuni tu. Wachache waliobaki wa rika lake wakizikumbuka Kwaresima za miaka ile, sauti zinawalainika. Siku hizi kuna vipaza sauti na kwaya yenye sare. Zamani zile jua likishazama wanawake walitandika mikeka uani kwa Savariyayi, uji wa mchele ukipoa kwenye vyungu, embe mbichi zimelowekwa chumvi, na mama huyo akaanza kumlilia Yesu. Alimlilia kama anavyoliliwa kijana wa nyumbani. Mwanangu, mimi nilikukanda mafuta ya ufuta, leo nani amekukanda viboko? Mwanangu, nilikuvalisha, leo nani amekuvua mbele za watu? Wanawake waliitikia wakijipiga vifua taratibu, na mtaa mzima ukanuka moshi wa samadi na machozi. Rakkini, kichwa pajani mwa mama, aliamini kwa miaka mingi kwamba Yesu ni kaka yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Baadaye, watu walipomcheka kwa kosa hilo, alisema hajaona bado mahali alipokosea.

Savariyayi alifariki katika mvua za mwaka 1925, binti yake akiwa na miaka kumi na minne. Parokia ilikuwa na mkokoteni wa maiti, mweusi, wenye msalaba wa bati, uliotengenezwa kwa michango ya mpunga ya mitaa yote miwili. Barabara ilikuwa tope tupu, hivyo Rakkini akaenda mwenyewe kuuomba kwa Santhiyagu Pillai, mtu mzima wa mtaa wa juu aliyerithi kazi ya kulitunza kanisa. Santhiyagu hakumtukana. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba, kwamba mkokoteni ukishambeba mama yake, hakuna mtu wa mtaa wa juu atakayekubali kulazwa humo tena, na je, anataka kuwaharibia wenzake mazishi? Basi Savariyayi alibebwa kwa mkeka kupitia mashambani, kwani maiti wa chini hakuruhusiwa kupita mtaa wa juu. Katikati ya tope mkeka ulichanika. Mkono wa yule mama, uliokuwa umewalilia wafu wa kila nyumba kubwa, uliburuzwa ardhini mpaka nyuma ya ukuta.

Hapo Rakkini alitaka kuuacha Ukristo, na wengi wa kwao walishauacha kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Aliyemzuia bila kukusudia ni katekista mzee, Gnanapragasam, aliyekuja siku ya matanga akasimulia maziko ya Yesu, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kuwafariji. Alieleza jinsi Yesu alivyouawa nje ya mji, hana nguo, hana kaburi, na jinsi tajiri mmoja alivyokwenda kuuomba mwili wake, akaulaza katika kaburi alilojichongea mwenyewe.

Rakkini akamkatiza. "Babu, huyo tajiri aliuliza kwanza Yesu ni wa mtaa gani?"

"Hakuuliza, mjukuu wangu."

"Na baada ya hapo kaburi lake liliharibika?"

"Halikuharibika. Ndilo kaburi lililotukuka kuliko yote duniani."

Yeye mwenyewe alisema kwamba wito wake ulianzia hapo, juu ya mkeka wa matanga. Alimsihi Gnanapragasam amfundishe kusoma, akajifunza. Aliolewa, akazaa, akampoteza mtoto na kisha mume, na alipokuwa na miaka ishirini na miwili alivaa sari nyeupe ya ujane na kuomba ruhusa ya kufundisha dini. Padre alimruhusu, kwa watoto wa mtaa wa chini peke yao.

Mafundisho yake hayakuanza na amri. Yalianza na Yesu alikula na nani, alimgusa nani, alilala kwa nani. Kila habari aliishusha mpaka mlangoni kwetu, sisi wa mtaa wa chini. Alipofundisha jinsi Yesu, amechoka na safari, alivyomwomba maji kisimani mwanamke Msamaria, ambaye watu wa Yesu hawakushiriki naye chombo, mtoto mmoja aliuliza kama mama yule alimtilia maji kwenye kifuu, kama sisi tulivyotiliwa kwenye vibanda vya chai. Rakkini akajibu kwamba alimpa kwa mtungi wake huo huo, na Yesu akanywa, na hakufuta mdomo. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Wengi wao sasa ni wazee wasio na meno, na bado wakinywa maji hadharani huacha mdomo umelowa, wakitazamana. Aliwafundisha kwamba kumfuata Yesu ni kufanya jambo alilolifanya, mahali ulipo, kwa mtu aliye mbele yako, kabla jua halijazama. Kwa habari za malaika alisema zitafika zenyewe.

Mwaka 1943 kipindupindu kiliingia, kikaanzia mtaa wa juu. Wenye magari ya ng'ombe walikimbia. Jebamalai, mke wa Santhiyagu Pillai, alikufa asubuhi. Wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kwenda kwa wajomba zao mjini, na ndugu waliobaki walifunga milango. Santhiyagu alikaa kizingitini na maiti nyuma yake, akiita majina, hakuna aliyeitika. Habari iliposhuka mtaa wa chini, Rakkini alichukua ndoo, manjano ya kuoshea maiti na shuka safi. Susaiyayi, jirani na shoga yake wa tangu utoto, akasimama njiani akamzuia.

"Nenda, nenda kawaoshe, shoga. Labda safari hii watakuazima mkokoteni ukabebee takataka."

"Mama yangu aliburuzwa mkono," Rakkini alisema. "Sitaki kuuona mkono wa mtu yeyote ukiburuzwa. Hata wa hao."

Susaiyayi alimtukana mpaka akaishiwa, kisha akachukua ndoo ya pili akamfuata. Wanawake hao wawili walimwosha Jebamalai, wakamvisha, wakamlaza kwenye mkokoteni mweusi, wakauvuta wenyewe kwa kamba katikati ya barabara ya mtaa wa juu, ambako hakuna aliyethubutu kutoka kuwakataza. Waliendelea hivyo mpaka kipindupindu kilipokwisha, nyumba kwa nyumba. Rakkini aliwaimbia wafu wale vilio vya mama yake, na hakuna aliyemmiminia mchele.

Ndipo watu wakarudi. Jambo la kwanza walilofanya, ewe mwamini, kabla hata ya Misa ya shukrani, ni kuuosha mkokoteni. Waliusugua kwa maji ya manjano, wakaufukiza ubani, wakamwomba padre aunyunyizie maji ya baraka, kwa sababu mikono ya Rakkini ilikuwa imeushika. Naye padre akanyunyiza. Babu zenu walikuwepo. Tunayakumbuka majina yao yote. Rakkini alitazama kutoka ubavuni mwa kanisa, akasema tu kwamba mkokoteni ulihitaji kuoshwa kweli, maana magurudumu yalikuwa na tope. Lakini Santhiyagu Pillai, aliyeagizwa kushika ndoo, aliiweka chini akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuketi tena katikati ya kanisa. Alisimama mlangoni.

Ilimchukua miaka kumi kufunga safari ya kushuka mtaa wa chini. Alifika mwaka 1953, mzee, kwa miguu, na watu walichungulia wakiulizana kama amepotea njia au amezeeka vibaya. Aliketi kwenye mkeka wa Rakkini. Akaomba maji. Rakkini akamtilia kutoka mtungini mwake, na mzee akanywa mbele ya mtaa mzima. Kisha akasema alichokuja kusema: pembeni ya Jebamalai alikuwa amejijengea kaburi la mawe, jina lake limeshachongwa. Analitoa. Rakkini akifa, alazwe humo. Ameshawaandaa wajukuu wawili wa kulisimamia jambo hilo, na atakayepinga apinge.

Waliomfahamu wanasema hakuna kitu alichokitamani zaidi. Tangu tope lile la mwaka 1925 alikuwa akiomba apite langoni kama binadamu. Na sasa lango lilikuwa limeshuka lenyewe, limekaa mkekani kwake. Alirudisha mtungi mahali pake, akamgeukia Santhiyagu.

"Na mama yangu, mzee wangu?"

"Mama yako tayari yuko kule, Rakkini."

"Na Susaiyayi huyu anayetuchungulia hapo mlangoni, akifa?"

Mzee akageuka kumtazama Susaiyayi, naye Rakkini akaendelea.

"Ukinipitisha peke yangu, ukuta utabaki, na watapata la kusema. Watasema, mbona Rakkini tulimchukua? Yule tajiri alimpa Yesu kaburi kwa kuwa Yesu hakuwa na pa kulala. Mimi ninapo. Kama unataka kunipa kitu, nipe ukuta."

Susaiyayi, mlangoni, alisema kwa sauti kwamba mwanamke huyu ana wazimu, atoke amwachie yeye hilo kaburi. Hata Santhiyagu alicheka. Lakini aliporudi mtaa wa juu alisimama kwenye kikao cha parokia na kutaka ukuta ubomolewe. Wanawe ndio waliomzomea kwanza. Walimnyima chakula cha mezani, wakampelekea sahani nje, barazani, naye alikula huko bila kulalamika kwa mwaka mzima mpaka alipofariki. Alikuwa ameagiza azikwe ng'ambo, miibani. Walimlaza kwenye mawe yake kwa nguvu, na yumo humo mpaka leo.

Rakkini alifundisha miaka ishirini zaidi. Aliosha wafu wa mitaa yote miwili, kila alipoitwa. Alifariki Jumanne baada ya Pentekoste, mwaka 1974, baada ya kupokea Sakramenti. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumkumbusha Susaiyayi ashone mkeka vizuri. Wanawake walimbeba ndani ya mkeka huo, juu ya machela ya mianzi na makuti ya mvumo, ngoma zikitangulia, kupitia mashambani, akalazwa karibu na mama yake. Kengele ya kanisa haikupigwa.

Watu walianza kuja kabla udongo haujakauka. Mama mmoja wa mtaa wa juu alimpaka mwanawe vumbi la kaburi lile, na homa iliyowashinda waganga ikashuka. Mwanamke aliyekuwa bubu tangu kifo cha bintiye aliimba pale kilio kizima bila kufundishwa. Kuyathibitisha hayo ni kazi ya Kanisa. Lakini muujiza mmoja hauhitaji tume: wanawake wa mtaa wa juu, wamejifunika upindo, walizunguka kwa njia ya mashamba, wakaketi kwenye tope bega kwa bega na wanawake wa mtaa wa chini, wakagawana uji chungu kimoja. Waliokuwepo wanasema jioni zile zilifanana na za uani kwa Savariyayi.

Na sasa ninyi mmeamua kumhamisha. Halmashauri ya parokia imepanga, kwa heshima kubwa, kuifukua mifupa yake na kuilaza penye lango la mbele, chini ya marumaru, ili mahujaji wasichafue miguu. Ukuta utapakwa chokaa upya kwa sikukuu. Jambo alilolikataa akiwa hai, kwa kinywa chake, mnamfanyia akiwa hawezi kusema, na mnaliita heshima.

Ukitaka kumfuata mtakatifu huyu, usiwashe mshumaa. Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, kikao kinafanyika. Ingia, simama, sema mifupa isiguswe. Wakikunyamazisha, toka nje na jembe la nyumbani kwako uende makaburini, mchana, mbele za watu, uanzie hapo nyuma ya babu yako. Usingoje padre. Ng'oa tofali la kwanza, kisha mwite jirani yako ang'oe la pili.