Udongo Mweusi wa Nunziatina

Tangu Pasaka mnanisumbua niandike habari za Nunziatina, kana kwamba sina sufuria jikoni. Haya, shikeni. Madarasa niliyosoma ni mawili, anayetaka mwandiko mzuri akautafute kwingine.

Nunziatina, mjane wa mwashi, ana bustani ya mboga hapa Pompei, nyuma ya mji wa kale. Miaka arobaini aliilisha samadi ya sungura na majivu mpaka udongo ukawa mweusi kama kahawa. Nyanya zake hata mawifi zangu walizisifu, na wale hawasifu kitu.

Akaja profesa kuchimba, atafute nyumba za watu wa kazi wa zamani, wafua nguo na wabeba mizigo. Nunziatina akakubali kwa sharti moja.

"Huu mweusi uwekeni kando. Chini ni vijiwe vilivyotapikwa na volkano zamani, hapaoti hata magugu. Mkifukia, mweusi uje juu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi. Usiwe na shaka."

"Shaka ninayo. Viatu vyako visafi mno."

Wakachimba miaka miwili. Wakapata vyumba vidogo kama mabanda ya kuku, hodhi la kufulia, na chungu kilichopasuka kikaungwa kwa madini ya risasi.

"Huyu naye alikuwa hatupi kitu," Nunziatina akasema, akakishika kama cha jirani yake.

Kila tabaka la udongo, hata lililo jembamba kama karatasi, walilipatia namba. Kisha siku ya kufukia, Nunziatina yuko kwa daktari wa macho, trekta likaja. Aliporudi alikuta bustani imekuwa ya kijivu, vijiwe vitupu.

"Profesa! Udongo wa wafu umeuandika wote. Wangu mimi niliye hai je?"

"Bibi, dereva alianza na lundo la karibu, lile jeusi..."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika ripoti."

"Basi nipikie hiyo ripoti!"

Msimu wa pili huu, maharage yanachomoza manjano na kufa. Auchimbue udongo wake kutoka chini? Marufuku. Ofisi ya mambo ya kale imemjibu kwamba ardhi ile sasa inalindwa, asichimbe kupita kiganja. Ana miaka sabini na tisa, anapanda nyanya kwenye makopo ya rangi, akiwatukana.

Nanyi mnaosoma, pole zenu kaeni nazo. Kila mmoja alete ndoo ya udongo mweusi, uliochekechwa, kabla ya Machi. Na mmwage wenyewe, mgongo wake umekwisha.