Uso wa Bibi Kiboriloni

Juzi pale Himo nilimwona fundi akiunda twiga wa saruji mbele ya hoteli, na harufu ile mbichi ikanirudishia hasira ya utotoni.

Baba yangu alisomea uchongaji Urusi. Aliporudi, chama cha ushirika kilimpa kazi ya sanamu ya saruji: mama mkulima mwenye kikapu cha kahawa, mrefu kuliko ghala lao la Kiboriloni, jirani na kwetu. Uso aliompa ulikuwa wa bibi, mama yake, aliyekwisha kufariki.

Kisha ghala likauzwa kwa tajiri mmoja. Mchana mmoja wakaja wanaume wenye nyundo kubwa, nami nikadhani wamekuja kuziba ufa wa mkononi mwa sanamu. Niliwaamkia, nikawaletea hata maji. Walipokwisha kunywa, wakaanza kuvunja miguu.

Baba alifika akikimbia, akamkuta mama yule wa saruji ameanguka chali katikati ya vumbi.

“Niachieni kichwa tu,” aliomba.

“Mzee, tajiri anataka kifusi chote kikajaze shimo la choo cha zamani,” msimamizi alijibu.

Baba akavua koti. “Basi nipeni nyundo. Uso wa mama yangu hamtaugusa ninyi.”

Aliuvunja mwenyewe, taratibu, mpaka ukawa changarawe. Nilidhani ameungana nao, na wiki nzima sikumwamkia. Leo najua alitaka choo kipokee changarawe, si macho ya mama yake.

Tajiri yule tunasali naye kanisa moja. Kila Jumapili hunigeukia anipe mkono wa amani. Siupokei.