Majani ya Mibuni

Daktari alimwambia mama aache kahawa, na mama akaacha kahawa. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba alitii. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, kisha unasita, kisha unaanza tena. Alijibu kwa heshima ya Kihaya, "Ndiyo, waitu," akarudi nyumbani Kagondo na kumkabidhi dada yangu kikapu cha akamwani, zile kahawa za kutafuna. Wageni walipofika walipewa kama desturi inavyotaka, naye akakaa mikono mapajani, macho chini. Kwa Mhaya wa umri wake, kumkaribisha mgeni bila kutafuna naye ni aibu kubwa.

Lakini majani hakukatazwa. Kwetu kahawa ni ile punje, inayotafunwa na kupelekwa mnadani. Majani ya mbuni ni majani tu, mbuzi wakiyataka wayale. Basi dada akawa anamchemshia hayo asubuhi na jioni badala ya chai, na mama akawa anasifu kwamba yanamwamsha mwili. Bila shaka yalimwamsha.

Mama alifariki mvua za vuli zikianza. Matanga hayajaisha, shangazi yetu wa Kamachumu, ambaye ulimi wake hauna mlango, akasema mbele ya watu kwamba majani ya mbuni nayo yana kafeini. Tangu siku hiyo dada alikuwa anagusa chakula tu, hali. Kwa kuwa kazi yangu ni ya maabara, alinifuata mimi.

"Wewe mwenye mashine, niambie. Ni mimi niliyemuua?"

Nilichuma kwenye kibanja chetu, shamba la nyumbani, mafungu mawili, majani magumu ya chini na machanga ya nchani, maana ndivyo tulivyofundishwa kulinganisha. Nikayakausha kivulini, nikayasaga, nikayachemsha na kuyachuja. Mashine ikatenganisha vilivyomo na kuchora vilima kwenye skrini. Katika majani magumu, kilima cha kafeini kilikuwa kifupi. Katika machanga kilipanda mno. Vipimo vilitoka safi kabisa, na nilivichukia.

Nikarudi Kagondo. Tulikaa jikoni, mimi na dada. Nikamwambia kafeini imo, ila mashine inapima jani, haipimi moyo wa mama. Moyo ule ulikuwa mgonjwa kabla ya majani, na hakuna mtaalamu anayeweza kusema kilichousimamisha. Hiyo ni kweli, na ningeapa popote. Kisha, nikitaka kumpunguzia mzigo, nikaongeza kwamba yale magumu ya chini yana kidogo sana, ya nchani ndiyo makali. Nilidhani alikuwa akichuma ya chini kama mtu yeyote mwenye haraka, yale ambayo mkono unayafikia bila kuvuta tawi.

Dada alisukuma ukuni katikati ya mafiga.

"Magumu yalikuwa yanamkwaruza koo," akasema. "Nilikuwa namchagulia machanga."