Wasiofika Kliniki

Tulimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na yeye hakununa hata siku moja. Angenuna saa ngapi? Katika miaka kumi na tisa aliyofanya kazi masijala ya hospitali yetu, sidhani kama aliwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Chai anaiacha juu ya kabati la mafaili, anakwenda kuchungulia foleni, anarudi kufunga dirisha, analifungua tena, halafu anauliza nani amekunywa chai yake. Mimi ambaye kazi yangu ni kukaa kitini, nilikuwa nachoka kwa kumtazama tu.

Kazi yangu ni kupiga simu. Kliniki ya presha ina wagonjwa elfu moja na mia mbili, na kila mmoja ana siku yake ya kuja kupimwa na kuchukua dawa. Asiyefika, masijala wananiandikia jina lake nami nampigia: mama, mbona hukuja, dawa si zimekwisha, njoo kesho asubuhi. Wengine wanacheka, wengine wananipa maneno yao, lakini wengi wanakuja.

Sasa siku moja nikapiga nyumba fulani, akapokea binti. Nilikuwa nimeamka vibaya, nakiri. Nikamwambia, "Mwambie mama yako aache uzembe, kliniki amekosa mara mbili." Akakata simu. Kesho yake akaja kaunta, akaweka cheti cha kifo mbele ya Kiguu, akasema, "Mama ameniagiza nilete udhuru." Akageuka akaondoka zake. Kadi ya yule mama ilikuwa imepigwa mstari mwekundu, alama yetu ya marehemu, tangu zamani, ila Kiguu aliandika jina mbiombio bila kuutazama. Jamani, siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Kiguu yeye alijifungia chooni, akatoka na macho kama nyanya.

Basi akaapa. Hakuna marehemu mwingine atakayepigiwa simu na hospitali hii akiwa yeye yu hai. Akaenda kwa mkuu wa kliniki, akamganda mpaka mkuu akakubali simu zisimame kabisa wiki sita, yeye Kiguu atengeneze programu ya kompyuta ya kutoa orodha safi: waliokosa kliniki, bila marehemu. Mimi nilifurahi, sitaficha. Wiki sita bila kilio cha mtu sikioni! Nilianza kufuma kitambaa cha meza.

Kutengeneza programu hajui, lakini ni king'ang'anizi. Fundi wa kompyuta wa hospitali, bwana mmoja wa kitambi kikubwa na maneno machache, alimwekea kijisehemu cha kuandikia programu na kumwachia kijitabu. Kiguu akaniita nione. Skrini ilikuwa imegawanyika mara mbili.

"Huku juu unaandika yote kwa utaratibu, unahifadhi, kama barua," akanieleza. "Huku chini unauliza moja moja, unajibiwa papo hapo. Tazama."

Akaandika hesabu fulani mbele ya vimshale vitatu, akabonyeza, na jibu likatokea hata sijapepesa macho. Akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Nikajua hapo hapo kwamba huko juu hataandika sana. Maisha yake yote alikuwa anatafuta mtu wa kumjibu kabla hajapumua, na sasa amempata.

Na kweli, kila kitu alikijaribu chini. Anaandika nusu mstari akiwa amesimama, goti moja juu ya kiti, anabonyeza. Maandishi mekundu yakitokea anasonya, anabadilisha herufi, anabonyeza tena. Ikikubali, anakwenda dirishani kupunga hewa, anarudi. Akabuni kitu akakiita "marehemu", akawa anapekua kadi zote na kukijaza majina ya wenye mstari mwekundu, moja moja, huko huko chini. Yalikuwa arobaini na moja. Juu aliandika mistari michache tu, akawa anainakili na kuibandika chini, na chini panakubali kwa sababu marehemu wapo pale wanakumbukwa. Kompyuta ikabandikwa karatasi kubwa: USIZIME.

"Hebu na hao uwaandike juu uwahifadhi," nilimwambia. Mimi si mjuzi, lakini kitu kinachoogopa kuzimwa kinanitia wasiwasi.

"Nitawaandika, dada. Ngoja kwanza nione kama inakubali."

Alikuwa ananijibu hivyo tangu wiki ya pili. Usingizi ulimpotea, akakonda, akawa anakuja kazini kabla ya mlinzi kufungua geti. Ukimwambia tulia, anakwambia, "Nikitulia namwona yule binti."

Wiki sita zikaisha, ikafika Jumatatu ya kuonyesha kazi. Fundi alichukua faili kwenye flashi, wakaenda chumba cha mkutano kwenye kompyuta ya mkuu. Kilichotokea huko nilisimuliwa baadaye na fundi mwenyewe. Walipoiendesha programu, yakatoka maandishi mekundu kwamba hakuna kinachoitwa marehemu. Kumbe kompyuta ile ya mkuu haikuwa imewahi kuambiwa. Majina yote yalikuwa yamebaki masijala, kule chini, hayakuhifadhiwa popote. Mtu mwingine angekaa akaeleza. Kiguu alichomoka mbio kwenda kuyachapisha. Nyuma yake mkuu anatazama saa, fundi anaona aibu, akauzima ule mstari mmoja uliokuwa unalalamika. Programu ikapita bila shida, ikatoa majina mia moja na sitini. Mkuu akapiga makofi, akamtuma mhudumu aniletee karatasi nianze mara moja.

Nami nikaanza. Kwa mara ya kwanza tangu cheti kile nilinyanyua simu, tena bila hofu, maana Kiguu alikuwa amekula kiapo. Wa kwanza akasema anakuja kesho. Wa pili akaniombea dua. Simu ya tatu alipokea mwanamume, nikamwomba nizungumze na mama, nikataja jina.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo, Kiguu anahema, karatasi mkononi.

"Kata! Kata simu, mstari wa kuwaondoa umezimwa, marehemu wote wamo humo!"

Alipiga kelele kiasi kwamba hata yule bwana alimsikia. "Msikate," akasema. Nikaiweka simu kwenye spika.

"Mimi ni mume wake," akasema. "Tumemzika wiki iliyopita."

"Pole sana, baba. Utusamehe, tumekosea kukupigia."

Kiguu alikuwa anapitisha kidole kwenye yale majina yake arobaini na moja, juu hadi chini, chini hadi juu. Akanitikisia kichwa. Mama huyu hakuwamo. Hakuna aliyekuwa ametuletea habari, kadi yake haikuwa na mstari wowote. Hata programu ingefanya kazi sawasawa, jina lake lingenifikia vilevile.

"Mmekosea nini?" yule bwana akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Dawa zilimwishia tarehe kumi na nne. Mimi nilikuwa na safari ya kazi, nikamwambia tutakwenda nikirudi. Akasema usijali, nikichelewa sana wale wa hospitali watapiga, huwa wanapiga. Nilimwacha anatembea na simu nyumba nzima, mpaka jikoni. Nimerudi nimemkuta wodini. Mbona hamkupiga?"

Kiguu akainama karibu na simu.

"Tulikuwa tunatengeneza orodha, baba."

"Orodha ya nini?"

"Ya watu wa kuwapigia."

Halafu akakata yeye.

Kiguu alibaki ameinama vile vile, machozi yakidondokea meza yangu; sikumfuta wala yeye hakujifuta. Kisha akavuta kalamu nyekundu kwenye kopo langu, akaweka karatasi zake mbili sambamba, majina mia moja na sitini huku, arobaini na moja huku, akaanza kufuta kwa mkono. Sikutaka kutazama saa ya ukutani, lakini ipo mbele yangu, nitafanyaje. Ilimchukua dakika kumi na moja.

Akanisukumia orodha. Nikapiga simu ya nne.