Daktari wa Mwanga Azima Taa Kayole

Mimi ni mwanafizikia. Kazi yangu ni kupiga hesabu za jinsi mwanga unavyopita ndani ya vioo na metali, na bisibisi sijaishika tangu sekondari.

Jumamosi nilikwenda kumtembelea shangazi yangu anayeishi mtaa wa Kayole. Aliniacha nyumbani kwake akaenda kuwapokea akina mama wa kanisa, waje wamwone mpwa wake, daktari wa mwanga. Nikawasha televisheni, kimya. Taa nayo ikagoma. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikafungua soketi, nikapanda kiti, nikashusha holda ya taa, nikatandaza vipande vyote mezani.

Shangazi akaingia na wageni, akaduwaa mlangoni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Stima imeharibika, shangazi. Nadhani elektroni..."

"Haijaharibika. Landilodi, mwenye nyumba, huizima asubuhi, huirudisha saa kumi na mbili jioni."

Hapo hapo redio ya jirani ikaanza kuimba. Vyumba vyote vya wapangaji kwenye ploti vikawaka, choo cha nje pia, isipokuwa chumba cha shangazi.

Mama mmoja akafungua mkoba, akanipa mshumaa kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, daktari."