Aliyetua Ajitwike

Si kweli kwamba niliumia kwa uvivu. Baba amesema hivyo leo jioni mbele ya mdogo wangu Koku, na amenikataza kumjibu kwa mdomo, basi najibu hapa kwa kuandika. Mvivu gani alibeba frasila moja na nusu ya buni kutoka Nyaishozi hadi Bukoba mara nne?

Nilikuwa na nguvu. Kichwani ngata ya majani makavu ya mgomba, mgongo umenyooka, nawapita wanaume mlimani. Lakini msafara una sheria yake: hutui mzigo mpaka mnyapara apige ngoma. Ukitua kabla, hakuna wa kukutwisha. Aliyetua peke yake ajitwike peke yake.

Safari ya tano ngata yangu ilifumuka. Nikatua, nikaifunga upya. Wenzangu wamesimama tu, wanatazama.

"Nitwisheni basi!"

Mnyapara akacheka. "Si wewe unayetupita mlimani? Jitwike, bibi harusi!"

Nikainama, nikauvuta mzigo kwa hasira. Kiunoni kitu kikalia ka! Mguu wa kushoto ukawaka moto mpaka kisigino, halafu ukafa. Nikaanguka, nikajikojolea mbele yao. Wakacheka tena. Mzigo waliugawana. Mimi wakaniacha njiani.

Bibi mmoja wa kijiji cha Ihembe, aliyekuwa akipalilia maharage karibu na hapo, ndiye aliyeita watu wakanibeba hadi nyumbani. Nililala misimu miwili. Haja zote nilimalizia kitandani, Mama akinigeuza kama gogo. Yule bibi alikuwa akija kunikanda kwa samli, mimi napiga kelele, yeye ananipiga kofi.

"Lia, lakini usijikunje! Ukitaka kuamka, geukia ubavu kwanza, ndipo ujisukume kwa mikono."

Nikatambaa. Nikashika fimbo. Leo natembea, mguu unaburuta kidogo tu. Namshukuru Mungu, na yule bibi.

Wewe unayebeba, usijitwike kwa hasira. Ita mtu. Akikataa, uache mzigo hapo hapo, waache watukane, wakichoka watanyamaza. Kiuno hakinyamazi.

Sasa Koku anaondoka na msafara uleule. Ngata yake nimeiona, imefungwa ovyo kama yangu.

"Sheria ni sheria," Baba kaniambia. "Ukienda kuniaibisha, usirudi hapa."

Kesho asubuhi nachukua fimbo yangu, namfuata Koku nyuma. Ngata ikifumuka, atatua. Na mimi, mbele ya mnyapara, nitashika upande wa pili wa mzigo.